Mgeni wa Mlango wa Nyuma

14 Desemba, Al Ayja

Daftari la kazi naliandika kwa Kiarabu, ripoti kwa Kiingereza. Hili nitaliandika kwa Kiswahili, maana nyumbani kwangu Kiswahili kimebaki cha watu wawili. Baba alitutoka mwezi uliopita. Yeye na mama walihama Ibra mwaka jana wakaja kukaa kwangu hapa Sur, ili baba awe karibu na mashine ya figo. Kwa kuwa mauti yalimkuta kwangu, mama naye eda kaikalia kwangu. Miezi minne na siku kumi hatoki mlangoni. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna udi, hakuna mwanamume wa nje kumwona. Ukimuuliza hali anasema alhamdulillahi, kisha ananyamaza.

Leo pomboo ameingia horini. Mmoja tu, dume kijana. Hori yetu imeugawa mji, Sur ng'ambo ile na Al Ayja ng'ambo hii, na nyumba niliyopanga ni ya zamani: mlango wake wa nyuma una ngazi tatu zinazoshuka majini. Bamvua ikijaa, maji hufika ngazi ya pili. Nimemwona akipita hapo mbele ya ngazi, taratibu, anapumua kwa kelele.

Kazi yangu ni kuwapiga picha na kuwahesabu pomboo na nyangumi wa pwani hii ya Sharqiya msimu wote wa baridi, kwa ajili ya kikundi cha utafiti cha Maskati. Pomboo ni mtu wa jamaa, hutembea na wenziwe. Anayetembea peke yake ana lake jambo. Kwenye daftari la kazi nimeandika: Yuko. Peke yake.

15 Desemba

Yuko. Peke yake.

17 Desemba

Nimelinganisha picha ya pezi lake la mgongoni na picha zetu za zamani. Kila pezi lina mapengo yake, na hivyo ndivyo tunavyowajua mmoja mmoja. Huyu ana mapengo mawili karibu na ncha na alama nyeupe chini yake. Miaka miwili nyuma tulimpiga picha karibu na Ras al Hadd, ndani ya kundi la kama thelathini. Ana kwao, basi.

Nimempigia simu Daktari Abeer, mkuu wetu aliyeko Maskati. Hana maneno mengi yule. Kasema: "Asilishwe, asiguswe, asiogelewe. Akiona hatuna faida kwake atawarudia wenziwe. Akituzoea, rafadha za injini za boti zitamuua kabla ya joto kuanza. Nishawazika wawili namna hiyo." Kwa hiyo kazi yangu msimu huu ni kuuzuia mji mzima usimkaribishe mgeni. Nani kasema mimi sina bahati.

Nimerudi magharibi. Nikamuuliza mama kama amekula, kama amekunywa dawa ya presha. Amekula, amekunywa. Nikaenda kupanga picha zangu.

22 Desemba

Mji umeshajua. Watoto wamempa jina, wanamwita Dheif, yaani mgeni, na video zake zimefika mpaka Nizwa. Kaka yangu Adham, anayekaa huko, kanitumia moja kuniuliza kama nimeiona. Mimi ndiye ninayeonekana kwa nyuma katika video hiyo, napunga mikono kuwafukuza watu.

Wa kuangaliwa zaidi ni Firas. Boti yake ya watalii huifunga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Babu zake walirudi kutoka Unguja, yeye kazaliwa hapahapa, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Nimemfuata kumwambia akae mbali na pomboo.

"Dada, watalii inataka picha," kasema. "Mimi nakaa mbali, wallah."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali ya kwangu mimi."

Nilitaka kukasirika nikajikuta nacheka. Kisha nikakasirika.

29 Desemba

Jirani yetu Ghaliya kaja tena na sahani. Mumewe ni mvuvi, na tangu tulipofiwa haipiti asubuhi hajaleta vibua vibichi kwa ajili ya mama aliye kizuka. Mama, kama ilivyo desturi, harudishi sahani tupu: anairudisha na mandazi. Ghaliya akiona mandazi anaona haya, kesho yake anaongeza samaki. Mama akiona samaki wameongezeka anaongeza mandazi. Friji haifungiki. Nimemwomba mama amwambie jirani inatosha.

"Riziki hairudishwi mlangoni, mwanangu."

"Lakini tupo wawili tu, na wewe samaki huli."

"Ndiyo, tupo wawili," kasema, akaendelea kukanda unga.

6 Januari

Upepo wa shamali. Yuko. Peke yake. Sikutoka na boti.

9 Januari

Sasa nimepata jambo. Leo nimempiga picha akiwa na kibua mdomoni, na nilipoikuza picha nikaona samaki hana kichwa, mapezi yamekatwa, tumbo limepasuliwa na kusafishwa. Samaki wa kukaangwa kabisa. Nimejua pomboo wengi lakini sijamjua mwenye kisu.

Basi kuna mtu anamlisha, tena mtu mwenye jiko. Nimezunguka mikahawa yote ya ufukweni kuuliza. Wote wamekana, na mmoja kaniuliza kama nataka kununua au nimekuja kupeleleza.

Na kweli tabia yake imebadilika. Zamani alizunguka hori nzima, sasa maji yakijaa anakuja upande wetu huu wa Al Ayja, na boti ikipita anaifuata na mdomo wazi. Boti ya nani iko upande huu? Ya Firas.

Mama amekula, amekunywa dawa.

14 Januari

Yuko. Peke yake. Mama kaniuliza leo, ghafla tu, pomboo anaishi miaka mingapi. Nikamwambia arobaini, hamsini. Kasema, "Mingi." Nilikuwa naandika ripoti, sikuuliza kwa nini anataka kujua.

21 Januari

Leo kakatwa.

Ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri, nimesimama darajani na kamera. Boti ya uvuvi ilikuwa ikiingia horini pole tu, nahodha hana makosa. Pomboo akaifuata kama anavyozifuata zote siku hizi, akaja pembeni kuomba, akazungukia nyuma penye rafadha. Nilipiga ukelele ambao haukusaidia kitu. Maji yakabadilika rangi. Alipoibuka niliona mikato mitatu mgongoni, sambamba, nyuma ya pezi. Nyama nyeupe, kisha damu.

Hakukimbia. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa ninapoandika. Aligeuka akaifuata boti tena.

Nilishuka mpaka gatini. Firas alikuwepo anafua mablanketi ya boti yake, na watu wamejaa maana wote wameona. Nikamsema mbele yao. Nilimwambia anauza uhai wa mnyama kwa picha za simu, kwamba kaambiwa mara tatu, kwamba huyo akifa damu yake iko shingoni mwake. Niliyasema kwa Kiarabu ili kila mtu aelewe.

Firas alifungua mdomo. Akaitazama nyumba yetu, akatazama chini, akaufunga. "Mimi sijampa kitu, dada," kasema kwa Kiswahili, pole pole. "Wallah hata mkia."

"Basi ni nani?"

Akainama kuendelea kufua. Nikauchukulia ukimya wake kuwa ndiyo jibu.

Jioni nimempigia Abeer, na Abeer kawapigia anaowajua. Firas ameambiwa aitoe boti yake horini mpaka msimu uishe. Atakwenda kufanya kazi Ras al Hadd, kama atapata.

Mama alisikia makelele ya gatini. Kaniuliza nini kimetokea. Nikamwambia pomboo kajeruhiwa, basi. Akakaa chini. Nikamuuliza kama amekunywa dawa, kasema bado, nikamletea.

30 Januari

Mvua siku mbili, wadi, mito mikavu ya huku, zimeteremsha maji, barabara ya Ibra imefungwa. Majeraha yameanza kuziba. Ngozi yao hupona upesi, sifa kwa aliyewaumba.

Firas hayupo wiki nzima sasa. Na leo nimempiga picha tena pomboo na kibua mdomoni. Hana kichwa, hana matumbo, mapezi yamekatwa.

Nimeitazama picha hiyo mpaka chai imepoa. Nikaikumbuka friji yetu, ambayo siku hizi inafungika vizuri. Sikutaka kuendelea kufikiri nikaizima kompyuta.

8 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilitoka alfajiri kama kawaida. Saa tatu betri ya kamera ikaisha, na ya akiba nilikuwa nimeiacha mezani. Nikarudi. Maji yalikuwa yamejaa. Nilipoingia ukumbini nikasikia mama anazungumza, na nilishangaa, maana Ghaliya hajui Kiswahili na simu ilikuwa mezani. Sauti ilitoka kwenye mlango wa nyuma. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya Ibra, ya wakati baba akirudi kutoka dukani.

Alikuwa amekaa juu ya kizingiti, ndani ya nyumba kabisa, hata ncha ya kanga haijavuka. Eda haikuvunjwa. Ubavuni pake bakuli la vibua, wamesafishwa. Na chini ya ngazi pomboo, kichwa nje ya maji, anamtazama.

"Leo wadogo, usininunie," mama alikuwa akimwambia. "Bahari ilichafuka, mume wa Ghaliya kapata hao hao. Haya, bismillahi. Adham kapiga simu jana. Yule mtoto wake wa mwisho kang'oka jino la mbele, analia hataki jingine liote. Babu yake angecheka huyo. Vitunguu vimepanda tena. Na Thuraya katoka hajanywa chai. Yule mtoto, bwana, kwangu ana maneno mawili tu, umekula, umekunywa dawa, kama nesi wa wodini. Nikishamjibu ndiyo, basi, khalas, kazi yake imekwisha. Simlaumu. Anachoka na bahari yenu hiyo. Lakini wewe unasikiliza, wewe. Kula."

Nilisimama nyuma ya pazia, betri mkononi. Kitu kilichonipata hapo si hasira. Nilimwonea wivu mnyama.

Nikakohoa. Mama akageuka, akavuta mtandio, kisha akaona ni mimi akauachia.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Unayemlisha."

"Kaja mlangoni kwangu. Nimfukuze? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Umemtoa samaki matumbo, mama. Umemkata mapezi."

"Ulitaka nimpe mgeni samaki na matumbo yake? Kwetu Tabora sikulelewa hivyo." Akalitazama bakuli. "Huyu mjane kama mimi."

"Ni dume."

"Basi mgane. Ni yaleyale."

Sikucheka. Nikakaa sakafuni nikamweleza ambayo ningemweleza tangu Desemba kama ningekuwa na desturi ya kumweleza kitu. Kwamba ana wenziwe thelathini nje ya Ras al Hadd. Kwamba anayeonja mkono wa mtu hujifunza kuzifuata boti. Kwamba ile mikato ya mgongoni imetokana na hilo.

"Nilidhani kapigana," mama kasema.

"Hapana."

Pomboo alipumua pale chini, akangoja.

"Basi kisu nimekishika mimi," kasema mama.

Nilitakiwa kumkatalia palepale. Nilichelewa, na yeye aliona kuchelewa kwangu.

"Nikimwacha, atarudi kwao?"

"Huenda."

"Huenda," akarudia. Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua bakuli, akaja nalo ndani. Kisha akaniambia mlango niufunge mimi na ufunguo nikae nao mimi. "Mimi nikiufunga nitaufungua."

Nikaufunga.

9 Februari

Alikuja maji yalipojaa. Tumemsikia.

12 Februari

Anakuja kila maji yakijaa. Anapumua mbele ya ngazi, anangoja, anapiga maji kwa mkia, anangoja. Mama ametandika mkeka wake ndani, ameupa mlango mgongo, tasbihi mkononi. Hasemi naye. Leo nimemwona amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio mpaka alipokwenda.

Nimefikiri kuuhamisha mkeka wake ukumbini asisikie. Amekataa. Kasema kumfungia mgeni mlango na kutomsikia pia ni ubakhili wa mara mbili.

15 Februari

Nimekwenda Ras al Hadd kumtafuta Firas. Nilimkuta anabeba masanduku ya barafu kwenye boti ya mtu mwingine. Nikamwambia nimemkosea, na nimeshamweleza Abeer ukweli, na nitausema gatini palepale nilipomsema. Kisha nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Mimi naona kila siku maji ikijaa," kasema. "Mkono tu, dada, na nguo nyeupe. Mkono inarusha samaki."

"Na hukusema?"

"Ningesema vipi? Mama yako yuko eda. Mimi mwanaume. Nikisema nimeona, watu yote itasema Firas anachungulia nyumba ya kizuka. Na wewe ungeniambia nini?"

"Ningekupiga kibao."

"Ehe," kasema Firas, akaweka sanduku chini. "Na mama yako angesikia aibu. Bora mimi nihame kidogo."

Nilirudi Sur nimezima redio. Mtu niliyemdhania hana adabu aliilinda heshima ya mama yangu kwa riziki yake mwenyewe, na mimi niliyelala nyumba moja naye sikujua hata anashindaje.

16 Februari

Nimesema gatini, kwa Kiarabu, mbele ya waliokuwepo. Sikumtaja mama. Nilisema tu kwamba si Firas na kwamba mwenye kosa ni mimi. Wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Basi.

20 Februari

Najifunza kutoa habari. Jioni baada ya chakula nakaa na mama na kumpa habari za mchana, kama alivyokuwa akipewa na kumpa baba. Sina kipaji. Namwambia upepo ulikuwa wa kaskazini, nimeona kasa wawili, boti ya fulani imeharibika. Mama anasikiliza kwa heshima. Baada ya kidogo anasema, "Na watu?"

"Watu gani?"

"Hukuonana na watu?"

Nikatafuta, nikamwambia habari ya mwuza mafuta aliyeoa mara ya pili. Hapo akasogea karibu.

1 Machi

Ramadhani karim. Ghaliya sasa haleti samaki tu, analeta na harisi ya ngano na nyama, na mama anarudisha kaimati. Vita vya sahani vimefika kiwango kingine. Samaki wanaozidi nawapeleka kwa walinzi wa shule.

Yuko. Peke yake. Leo alikaa mbele ya ngazi muda mfupi kuliko jana.

5 Machi

Firas amerudi horini. Boti yake ameifunga mbali, ng'ambo ya Sur. Nimemuuliza kwa nini asirudi pale pa zamani. Kasema maji ya kule ni mazuri zaidi. Maji ni yaleyale.

Pomboo hakuja mlangoni. Nimemwona mdomoni mwa hori akiwinda mwenyewe. Boti imepita, hakuifuata.

9 Machi

Hayuko.

10 Machi

Hayuko. Nimeizunguka hori yote, na ufukwe wa nje, nikihofia mzoga. Hakuna.

13 Machi

Hayuko. Abeer kafurahi, kasema hongera. Mimi sijui kama nimemwokoa mgeni au nimemfukuza. Huenda yuko na wenziwe. Huenda yuko chini. Bahari haitoi cheti.

Mama ameacha kukaa kwenye mkeka wa mlangoni. Wakati wa futari alikuwa ameweka vikombe vitatu, akakiondoa kimoja. Sikujua kama kilikuwa cha baba.

28 Machi

Leo mama ametoka eda. Ghaliya na wanawake wa mtaa walikuja asubuhi, wamemwogesha, wamemvalisha nguo ya kijani, wamemtia wanja kidogo. Walipofukiza udi alilia, nao wakamwacha alie.

Wote walidhani atatoka kwa mlango wa mbele. Aliniomba ufunguo. Akafungua mlango wa nyuma, akateremka ngazi moja, ya pili, ya tatu, akatia mguu majini. Maji yalikuwa yamekupwa, yamekaa chini kabisa. Akatazama huku na huku.

"Hakuaga," kasema.

"Alikuja siku nyingi, mama. Sisi ndio hatukumjibu."

"Ni kweli." Akasimama hapo mpaka mguu ukapoa, kisha akanishika mkono tupande.

3 Aprili

Sikukuu imekwisha. Adham alikuja kwa gari kutoka Nizwa na watoto wote, nyumba ikajaa kelele za Kiarabu siku tatu, na leo ameondoka na mama. Ndivyo tulivyopanga tangu mwanzo, na mama mwenyewe kataka. Ana wajukuu watano kule na bustani ya Birkat al Mauz ya wakwe zake Adham, atapata pa kutembea. Nilimuuliza kama hataki kukaa na mimi. Kasema, "Mwanangu, kwako mimi nilikaa eda." Hakusema kwa ubaya.

Kaniachia mandazi ya kutosha wiki mbili. Ghaliya kaleta sahani jioni, kwa mazoea, kisha akakumbuka na akasimama mlangoni hajui aseme nini. Nikaipokea.

Nimekaa kwenye kizingiti cha nyuma. Nilitaka kusema kitu kwa Kiswahili, kusikia tu kama kipo. Nikasema, "Shikamoo." Hori ilikuwa tupu.

8 Aprili

Joto limeanza. Sahani ya Ghaliya nimeirudisha na tende. Sijui kukanda unga.

17 Aprili

Siku ya mwisho ya msimu baharini. Boti ya kikundi imeharibika, nikamkodi Firas. Tulitoka Sur asubuhi, bahari shwari, tukapita Ras al Hadd. Saa nne akanyoosha kidole bila kusema.

Kundi. Nilihesabu ishirini na saba, kisha nikaacha kuhesabu. Walikuwa wakipita taratibu, wakubwa kwa wadogo, na katikati yao pezi lenye mapengo mawili karibu na ncha, na nyuma yake makovu matatu sambamba, yameshafunga.

Firas akazima injini mwenyewe. Tulikuwa mbali, mbali ya kweli, si ya kwake. Pomboo wetu alitoka kidogo kwenye kundi, akatoa kichwa nje ya maji, akaielekea boti. Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa hapa kooni, na Firas alinitazama, na nilijua na yeye analo. Hatukumwita. Tulikaa kimya kama watu wasiojuana naye. Akatutazama, akashusha kichwa, wenziwe walikuwa wameshatangulia, akawafuata mbio.

Kwenye daftari la kazi nimeandika: Yuko. Na wenziwe. Nikaandika mara mbili.

Jioni nimempigia mama Nizwa. Nilimpa habari zote kwa mpangilio, kama anavyopenda: nani alisema nini, bahari ilikuwaje, Firas alivyonyoosha kidole. Nyuma yake nilisikia watoto wakigombana na mtu akiwafokea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hamkumpa kitu?"

"Hatukumpa kitu."

"Vizuri," kasema. Nikamsikia akihamia chumba kisicho na kelele. "Alhamdulillahi, kawapata wa kula nao. Na wewe, Thuraya, unakula na nani?"

Nikamwambia nimeshakula. Hilo hakuniuliza.